Kisu cha Mti

Kisu nilichopewa kilichongwa kutoka ubao wa sanduku la majani ya chai, kikapakwa gundi na kuzungushiwa zile karatasi za fedha zinazokuwamo ndani ya pakiti za sigara. Kwa mbali, chini ya mwanga wa karabai, kiling'aa kama kisu cha kweli. Ilikuwa mwaka 1974, nami nilikuwa kijana wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari mkoani kwetu Mara. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amekata shauri kwamba sikukuu ya Saba Saba mwaka ule isipite hivi hivi kwa ngoma na gwaride peke yake. Sharti tuonyeshe mchezo wa kuigiza, na mchezo wenyewe uwe ule uliotafsiriwa na mtu wa kwetu.

Mtu wa kwetu alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Sisi wa Tarime ni Wakuria na yeye alikuwa Mzanaki wa Butiama, upande wa pili wa Mto Mara, lakini ukiwa mbali na nyumbani hizo ni tofauti za watu wa kaya moja. Mwaka 1963, akiwa Rais, Mwalimu alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, ikachapishwa na Oxford University Press. Mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Wengi wameshangaa mkuu wa nchi changa alipata wapi muda wa kuhesabu mizani za mashairi. Mimi kinachonishangaza ni jambo jingine: kwamba katika michezo yote ya Mwingereza yule, alianza na huu ambao rais anauawa na rafiki zake.

Mimi nilipewa nafasi ya Brutus. Sikuichagua. Nilikuwa mrefu, na sauti yangu ilikuwa imekwisha kupasuka.

Ndugu msomaji, nadhani si vibaya nikianza na habari zenyewe jinsi zilivyotokea Roma, maana wengi wetu tulimjua Kaisari kwanza kanisani, katika habari ya ile dinari ya kodi. Yule wa dinari alikuwa Tiberio. Kaisari wetu huyu alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka sabini kabla, na jina lake limegeuka cheo.

Roma ilikuwa na chuki ya asili dhidi ya ufalme. Warumi walisimuliana kwamba mwaka 509 K.K. mtu aliyeitwa Lucius Junius Brutus alimfukuza mfalme wao wa mwisho, akawaapisha watu wasikubali mfalme tena. Kisha wanawe mwenyewe walipogundulika wanakula njama ya kumrudisha mfalme, aliamuru wauawe, naye akatazama. Kwa Warumi hiyo ilikuwa hadithi ya heshima. Nilipoisimulia kwa wazee wa kwetu miaka ya baadaye, mzee mmoja aliniuliza mama yao watoto wale alikuwa wapi. Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona swali lake lilikuwa la maana kuliko hadithi.

Brutus aliyemuua Kaisari alidai kutoka katika ukoo ule. Alilichukua jina kama mtu anavyorithi shamba lenye deni. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa upande wa Pompey, na waliposhindwa huko Pharsalus mwaka 48 K.K. Kaisari alimsamehe, akampa vyeo, akampenda. Basi alikuwa na deni mara mbili: deni kwa babu aliyemfukuza mfalme, na deni kwa mtu aliyempa uhai wake. Mapema mwaka 44 K.K. Kaisari alikubali kuwa dikteta wa maisha. Tarehe 15 Februari, kwenye sikukuu yao ya Lupercalia, Antony alimtolea taji mbele ya umati, naye akalikataa. Mchezo unafanya kichekesho kutokana na kukataa huko, na wanahistoria bado wanabishana kama ilikuwa majaribio.

Waliokula njama walipita sitini. Tarehe 15 Machi baraza la seneti lilikutana katika ukumbi ulioungana na jengo la michezo la Pompey, maana ukumbi wao wa kawaida haukuwa tayari. Kaisari asubuhi ile alisita. Mkewe Calpurnia alikuwa ameota ndoto mbaya. Njiani mtu mmoja alimtia mkononi karatasi yenye habari zote za njama, akaishika bila kuisoma. Ndani ya ukumbi Tillius Cimber alijifanya anaombea nduguye msamaha, akamvuta Kaisari vazi, na Casca akapiga wa kwanza. Tabibu aliyechunguza maiti alihesabu majeraha 23, akasema ni moja tu lililotosha kuua, la pili, la kifuani. Wengine, katika fujo ile, walikatana mikono wao kwa wao. Maiti ilianguka chini ya sanamu ya Pompey, yule yule adui aliyeshindwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo mchezo unalificha. Sisi sote tunamjua Brutus. Lakini alikuwamo Brutus mwingine, Decimus, ambaye Shakespeare anamwita Decius na kumpa kazi ndogo. Huyu hakuwa adui aliyesamehewa. Alipigana upande wa Kaisari huko Gallia na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jioni ya kuamkia siku ile walikuwa pamoja mezani kwa chakula. Asubuhi Kaisari alipokuwa ameamua kubaki nyumbani, ni Decimus aliyetumwa kwenda kumtoa, akamfanyia mzaha juu ya ndoto za wanawake, akamshika mkono wakaenda. Wosia ulipofunguliwa, jina la Decimus lilikuwamo miongoni mwa warithi wa daraja la pili.

Watu wa Tarime hawahitaji kuelezwa mtu wa aina hiyo. Kwetu wizi wa ng'ombe umeua watu vizazi na vizazi, na kila mtoto anajua kwamba wezi wa mbali hawafiki zizini bila mwenyeji. Lazima awepo mtu anayejua mbwa wangapi wapo, na mwenye boma amelala upande gani, mtu aliyekula ugali wa mtama katika nyumba ile. Wale wanaokuja na mishale ni maadui, na adui ana heshima yake. Yule aliyekula ugali hana jina zuri katika lugha yoyote ninayoijua.

Ndiyo maana, hata nikiwa kijana, niliona ugumu katika neno lile heshima. Katika Kiswahili chetu heshima hutoka kwa wengine. Unapewa, unavunjiwa, unaiomba. Mheshimiwa ni mtu anayeheshimiwa na watu. Brutus ana kitu kingine: anajitazama ndani mwake na kujiona msafi, na kwa kuwa anajiona msafi anadhani damu haitamshika. Mwalimu wetu alijaribu kutueleza tofauti hiyo darasani, na nadhani hakuna aliyemwelewa. Tulitaka kufika kwenye visu.

Usiku wa mchezo watu walijaa. Walikuja wazazi, viongozi wa TANU wa tawi, akina mama na watoto mgongoni, na nje ya kamba vijana waliokuwa na shabaha ya kutuzomea. Baba yangu alikuja kwa baiskeli kutoka kijijini, safari ya karibu nusu siku. Alikaa safu ya tatu, amevaa koti lake la jeshi la zamani lililotolewa vifungo. Aliyeigiza Kaisari alikuwa mwenzangu wa saro moja, tuliotahiriwa mwaka mmoja, na kwa Mkuria hilo ni jambo linalopita undugu wa tumbo. Kisu changu kilikuwa cha mwisho. Kaisari aliponitazama na kusema lile neno lake la kushangaa kwamba hata mimi nimo, watu walinyamaza kimya kabisa, kisha mama mmoja akapiga yowe. Nilipoinua macho nilimwona baba akisimama. Nilidhani anasimama kwa furaha. Alipita kati ya watu, akatoka, akachukua baiskeli yake.

Hakuwepo basi kwenye mazishi, na mazishi ndiyo kitovu cha mchezo. Wauaji walikuwa wametenda kosa ambalo kila msimulizi wa kale amelitaja: walimwacha Antony aseme juu ya maiti. Brutus alizungumza kwa akili, akatoa sababu. Antony katika mchezo hatoi sababu hata moja. Anawasifu wauaji kwamba ni watu wa heshima, anarudia, anarudia, mpaka neno lenyewe linaoza kinywani mwake. Katika historia yenyewe hatuna maneno yake halisi. Tunachojua ni kwamba wosia ulisomwa, na humo Kaisari alikuwa amewaachia raia wa Roma bustani zake za ng'ambo ya mto na fedha kila mtu. Nguo yenye damu ilionyeshwa. Umati ulichoma maiti pale pale sokoni kwa viti na meza walizovunja, kisha ukakimbilia nyumba za wauaji. Wakiwa njiani walimkuta mtu aliyeitwa Cinna wakamuua kwa kudhani ni Cinna mwingine. Inasemekana alikuwa mshairi.

Yaliyofuata ni marefu, nitayapita haraka. Mwaka 43 K.K. Antony, Octavian na Lepidus walitoa orodha za watu wa kuuawa. Cicero aliuawa tarehe 7 Desemba. Mwaka 42 K.K. Brutus na Cassius walishindwa huko Philippi, wakajiua. Decimus alikuwa amekwisha kuuawa akikimbia. Na mwaka 27 K.K. Octavian akaitwa Augusto, na ufalme ambao walimuua mtu mmoja ili usije ukaja ukakaa karne nyingi.

Baba hakunieleza kwa nini aliondoka. Sikumwuliza, maana kwetu mtoto hamwulizi tata wake mambo kama hayo. Alikuwa ameingia King's African Rifles mwaka 1952, kama walivyoingia Wakuria wengi, akapanda cheo kidogo, akarudi mwaka 1964 na sanduku moja la bati. Nilikuwa na miaka saba. Nyumbani neno lililotumika lilikuwa kwamba jeshi lilivunjwa.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu huko Mugumu, wilaya ya Serengeti, nikaja likizo. Tulikuwa tumekaa nje jioni, na redio ilikuwa imetoka kusema habari za mapinduzi ya nchi fulani, nadhani ni mwaka ule Museveni aliingia Kampala. Baba akasema bila kunitazama, "Mura, ule mchezo wako ulikuwa wa uongo. Mtu hasalitiwi na watu wanaozungumza vizuri namna ile." Kisha akasimulia.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, ambayo leo inaitwa Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa Waingereza waondoke. Waliwafungia maofisa wao, wakaingia mjini, wakafika Ikulu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuondolewa na kufichwa. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Hakuna anayejua kwa hakika wangefanya nini kama wangemkuta Rais. Wenyewe walishikilia kwamba hawakuja kumdhuru. Lakini mwaka mmoja tu kabla, tarehe 13 Januari 1963, Rais Sylvanus Olympio wa Togo alikuwa amepigwa risasi na askari waliokuwa na malalamiko yanayofanana na hayo, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kuogopa. Alfajiri ya tarehe 25 Januari, kwa ombi la Serikali, askari wa majini wa Uingereza walishuka Colito kwa helikopta na uasi ukaisha kwa muda mfupi. Mwalimu hakuficha kwamba kuwaita Waingereza ilikuwa aibu kwa nchi huru. Viongozi wa uasi walishtakiwa mahakama ya kijeshi, kiongozi wao mkuu akafungwa miaka 15. Hakunyongwa mtu. Tarehe 1 Septemba mwaka huo jeshi jipya, JWTZ, likaanza.

Hayo yako vitabuni. Ambayo hayako vitabuni ni kwamba usiku ule mtu mmoja alipita kuwaamsha kina baba, na mtu huyo alikuwa mwenzake wa saro. Walitahiriwa pamoja, waliandikishwa jeshi siku moja, wakaoa mwaka mmoja. Alisema, "Toka, mwenzangu, leo ndiyo leo." Baba akatoka, akabeba bunduki kama wengine. Waingereza walipowakusanya, na kila mtu akaulizwa peke yake ni nani aliyemwamsha, baba akamtaja. Wote wawili walifukuzwa jeshini, ila yule mwenzake alizuiliwa miezi mingi kwanza. Aliporudi, mke wake alikuwa amekwenda kwao, na mtoto mmoja alikuwa amekufa.

"Nilikuwa nimekula kiapo cha jeshi," baba alisema. "Na kabla ya hicho nilikuwa nimekula kingine, kule kwenye jando. Nilipomtaja nilijiambia kwamba namtaja kwa sababu ya kile cha jeshi. Siku hizi sijui. Pengine niliogopa tu." Akazima redio.

Kwa miaka mingi nimelinganisha maneno hayo na hotuba zote za Brutus nilizozikariri. Brutus katika mchezo hana usiku kama ule wa baba. Anakosa usingizi kabla ya kuua, lakini akishaua hajiulizi hata siku moja kama sababu yake ilikuwa sababu kweli. Naona Shakespeare alimhurumia kupita kiasi.

Nchi yetu haikukosa visu vyake, na kila nilipofundisha mchezo ule wanafunzi walitaka tuviseme. Mwaka huo huo wa 1969 ambao tafsiri ilitoka upya, tarehe 3 Februari, Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa pale Oyster Bay, Dar es Salaam, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta, na tarehe 5 Julai Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi akitoka dukani. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Karume aliuawa Kisiwandui, Unguja, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, akiwa anacheza bao na wenzake. Sheikh Thabit Kombo alijeruhiwa pale pale. Aliyeongoza mauaji alikuwa Luteni Humud Mohamed Humud, ambaye baba yake alikuwa amefia mikononi mwa Serikali ile. Ukiniuliza alikuwa Brutus au alikuwa mtoto anayelipa kisasi cha baba yake, nitakuambia kwamba kwa Wakuria hilo la pili linaeleweka bila mchezo wowote. Abdulrahman Babu alikaa kizuizini bara mpaka mwaka 1978 kwa sababu ya kesi ile, naye alikana mpaka kufa kwake kwamba alihusika.

Na upande wa mazishi tumejifunza wenyewe Tarime. Tarehe 28 Julai 2008 mbunge wetu, Chacha Wangwe, alifariki katika ajali ya gari Pandambili, mkoa wa Dodoma. Mahakama baadaye ilimtia dereva hatiani kwa uendeshaji wa hatari. Lakini kabla mahakama haijasema lolote, Tarime ilikuwa imekwisha kutoa hukumu yake. Mazishi yaliahirishwa ili mwili uchunguzwe tena, na viongozi wakubwa wa chama chake waliokuja kuzika ilibidi waondolewe mbele ya watu wenye hasira. Nilikuwepo. Sikusikia hotuba yoyote yenye ufundi. Kila aliyeshika kipaza sauti aliuliza swali moja tu, nalo lilitosha. Katika uchaguzi mdogo wa Oktoba watu wale wale walimchagua mgombea wa chama kile kile, jambo ambalo sijaweza kulieleza kwa mgeni yeyote.

Baba alifariki mwaka 1991, wakati wa kuvuna mtama. Yule mwenzake alikuwa amehamia Serengeti siku nyingi. Nikiwa Mugumu nilikuwa nimemwona mara mbili tatu mnadani, mzee mwembamba mwenye fimbo, tukasalimiana kama inavyopasa kijana na mzee, wala hakuna aliyeligusa jambo. Sikutuma habari kwake. Hata hivyo siku ya mazishi alifika, amevuka Mto Mara, viatu mkononi.

Kwetu watu husema juu ya kaburi. Alisema mtemi wa ukoo, akasema katibu wa kijiji, akasema mjomba. Kisha mzee yule akasimama. Mimi, niliyeuigiza mchezo ule na kuufundisha miaka kumi, nilijua mtu wa namna hiyo anaweza kufanya nini akipewa nafasi mbele ya maiti na umati. Mama alinishika mkono. Nikaona wazee wawili waliojua habari ile wakitazama chini.

Alisema, "Mimi na huyu tulitahiriwa siku moja. Tulikwenda jeshini siku moja." Akanyamaza muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Basi," akaketi.

Tulipoanza kufukia, kijana mmoja aliyekuwa karibu naye alitaka kumpokea jembe kwa sababu ya uzee wake. Alikataa. Alifukia mpaka shati likaloa, na vijana wengine walipobadilishana zamu yeye aliendelea, mpaka udongo ulipofika juu.